Mji Wangu Ulivuka Tuta

Ilianza Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja, saa tisa na robo alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kutoka barazani mpaka adhana ya alasiri, nami nilikuwa nikiichungulia saa ya ukutani kupitia dirisha kila baada ya muda mfupi. Mvua ya kwanza ya msimu ule ilikuwa imenyesha mchana ikakatika ghafla, na uwanja wetu wa Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, ukawa unanukia udongo uliobabuka kwa jua kisha ukamwagiwa maji. Ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kali na ya kijani, inayokwama kooni: harufu ya utomvu wa minyaa. Bibi alikuwa amepogoa ua wa nyuma asubuhi, na matawi yalikuwa yamelala chini chungu nzima. Minyaa haina majani ya kuonekana. Ni vijiti vitupu vya kijani, vinene kama penseli, ukivunja kimoja kinatoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni utalia siku mbili. Nilikuwa na miaka tisa, na mapajani nilikuwa na daftari lisilo langu.

Lilikuwa daftari la jiografia la dada yangu Salma, aliyekuwa kidato cha tatu. Mama yetu alikuwa akifanya kazi Mwanza, kwa hiyo pale nyumbani tulikuwa watatu tu, Bibi, Salma na mimi. Salma alikuwa ameniruhusu kulitazama kwa masharti. “We Tatu, ukilidondoshea hata tone la chai, utakwenda kumweleza mwalimu wangu mwenyewe.” Alijua tishio hilo linatosha. Mimi ni mtu wa aibu, nilikuwa na bado niko. Nikitumwa dukani nilikuwa naandika kwenye kikaratasi, namnyooshea mwenye duka, naangalia miguu yangu mpaka anipe sukari.

Kwenye kurasa mbili za katikati Salma alikuwa amechora mji mmoja mara nne. Somo lilikuwa ukuaji wa miji ya kaskazini mwa India, kwenye bonde lile pana la mto Ganga, na mwalimu alikuwa amewaambia wachore mji uleule katika nyakati nne, kila wakati na rangi yake. Wa kwanza ulikuwa nukta ya penseli kando ya mto, kama kinyesi cha inzi. Wa pili ulikuwa kama punje ya mtama. Wa tatu reli ilikuwa imefika, na mji umetoa vidole kufuata reli. Wa nne ulikuwa doa jekundu lililojaa karibu ukurasa wote, limepita mto na kwenda ng'ambo. Nilizitazama picha zile mpaka zikaanza kutembea. Nikamuuliza Salma wale watu wote walitoka wapi.

“Wengine walizaliwa humohumo, wengine walitoka vijijini,” akasema huku akijisuka. “Na vijiji vingine wala havikutoka. Mji wenyewe uliwafuata.”

“Mji unawafuataje?”

“Unalala shambani kwako, unaamka uko mjini. Hujahama hata hatua. Huko Delhi kuna mitaa ina majina ya vijiji, na nyumba za kijiji bado zimo katikati, zimezungukwa na maghorofa.” Akaniambia pia kwamba miji ile haikukua kwa mstari ulionyooka. Kulikuwa na nyakati za njaa na maradhi, mji ukapungua, watu wakadhani umekwisha, halafu ukajaa tena kuliko mwanzo. Nikamuuliza na Tabora je. Akacheka. “Tabora ilikuwa mji mkubwa wakati wenzetu ni pori. Misafara yote ya kwenda Ujiji na ya kwenda pwani ilipumzika hapa, wapagazi kwa wapagazi. Sisi tulitangulia, tukakaa chini kupumzika, wenzetu wakatupita.”

Sikucheka naye. Nilikuwa nimeshikwa na kitu ambacho hata leo sijui nikiiteje. Nilitazama shamba letu la karanga, pori lililokuwa nyuma yake, na moshi mmoja tu uliokuwa ukipanda mbali upande wa Kipalapala, nikajaribu kulijaza lile doa jekundu pale. Mwadhini alipoadhini nilikwisha kuamua. Nilishuka barazani, nikachukua vijiti vya minyaa, nikaenda mwisho wa shamba ambako hakuna aliyeniona, nikachomeka mji.

Siku ya kwanza ulikuwa nukta: vijiti saba kuzunguka jiwe, na jiwe ndilo soko. Maganda ya karanga yalikuwa watu. Kila siku nikitoka shule nilifanya kama daftari lilivyosema, niliongeza watu kisha nikatafuta pa kuwaweka. Wiki ya pili mji ulifika kwenye tuta. Hilo lilikuwa tuta la udongo lenye nyasi, ndilo lililokuwa mpaka wetu na shamba la Mzee Kasanda, ambaye mwezi uleule alikuwa amehamia Sikonge kwa wanawe warina asali. Shamba lake lilikuwa tupu. Nilisimama juu ya tuta na maganda yangu mkononi, na nakumbuka wazo langu neno kwa neno: ule wa India ulivuka mto. Nikavuka. Huko ng'ambo nilichomeka mtaa mwingine, na mwisho kabisa nikaweka reli, mstari mmoja ulionyooka sambamba na tuta, toka juu hadi chini ya shamba, vijiti viwiliviwili, hatua saba ndani ya shamba la jirani. Halafu mvua zikazidi, karanga zikahitaji palizi, na mimi nikapata mchezo mwingine. Bibi alipopalilia alizoa mji wote wa upande wetu bila kujua. Mbuzi wa watu wakakanyaga uliobaki. Reli peke yake haikuguswa, kwa kuwa ilikuwa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kulima.

Kijiti cha minyaa hakihitaji kupandwa. Ukikiangusha tu kwenye udongo wenye maji kinaota. Baada ya misimu miwili reli yangu ilikuwa ua uliopita kichwa changu, na tuta lilikuwa limeliwa na mvua hadi huwezi kuliona. Na mtu wa kwetu akiona minyaa imesimama kwenye mstari, hajiulizi. Minyaa ni mpaka. Huipandi peke yako, unamwita jirani mnapanda wote mkitazamana, na hakuna anayeing'oa peke yake, labda mwizi wa ardhi. Bibi aliuona ule ua akadhani Mzee Kasanda aliupanda kabla hajaondoka, ila alimlaumu kidogo kwamba hakumwita. Mzee mwenyewe alikuwa amefariki hukohuko Sikonge. Wanawe waliliuza shamba kwa mama mmoja kutoka Ulyankulu, Mama Donata, mjane, aliyekuja Tabora na mabinti wawili ili wasome karibu. Naye alipoona minyaa alidhani ni ya kwetu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja walipokuja wapimaji. Mji ulikuwa umetufikia. Mtaa wote ulikuwa unapimwa viwanja, na vijana wawili wenye vifaa vya miguu mitatu walitembea na mwenyekiti wa mtaa kutoka shamba hadi shamba, wakipaka rangi mahali ambapo kesho yake wangesimika vile vijiwe vya zege tunavyoviita bikoni. Walipofika kwetu, Mama Donata alikuwa amesimama karibu na matofali yake. Alikuwa amefyatua na kuchoma mwenyewe kiangazi kizima, na alikuwa ameyapanga karibu na ua, ng'ambo yake.

“Bi mkubwa, mpaka wako ni huu?” kijana mmoja akamuuliza Bibi.

“Ndio huo. Alipanda marehemu.”

“Na wewe mama unakubali?”

“Niliukuta,” Mama Donata akasema.

Kijana akapima, akaandika, akapima tena, akakuna shingo. “Mama, hapa ngoma ngumu. Kiwanja kimebaki chembamba. Ukitoa nafasi ya barabara, nyumba haikai. Labda banda la kuku.”

“Kuku nitawalaza, na hawa watoto?” Mama Donata akauliza. Hakupandisha sauti. Aliyatazama matofali yake kana kwamba anayahesabu, kisha akawaambia wapimaji karibuni maji.

Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo ya baraza. Ndipo nilipoelewa. Niliuona ule mji wa ukurasa wa nne, nikaelewa kwamba doa jekundu lina watu ndani yake, na kila mmoja amesimama mahali anapotaka kulala. Nikajikunyata zaidi nyuma ya nguzo. Wapimaji wakapaka rangi nyekundu kwenye shina la kwanza na la mwisho la reli yangu, wakasema kesho saa mbili watarudi na zege, wakaondoka.

Salma angenisaidia, lakini alikuwa amemaliza shule na kumfuata mama Mwanza. Kwa hiyo nilifanya kama ninavyofanya dukani. Niliandika. Ukurasa mzima, wa kwanza katika daftari ambalo baadaye likawa la kuandikia siku zangu. Baada ya magharibi Bibi alikuwa bado kwenye mkeka, tasbihi mkononi, nikamnyooshea karatasi nikaangalia miguu yangu.

“Nini hiki, mke mwenzangu?” Ndivyo alivyopenda kuniita akiwa na furaha. “Miwani imevunjika tangu Ijumaa. Nisomee.”

Nilisoma. Sauti ilikuwa ndogo, akaniambia nirudie mara mbili. Nilipomaliza alivuta tasbihi hadi ikazunguka yote.

“Kwa hiyo nimemsingizia mtu aliyekufa,” akasema. “Na nimesema mbele ya mwenyekiti. Kesho nikigeuza maneno wataniona kikongwe asiyejua shamba lake.”

“Nisamehe, Bibi.”

“Hatua saba, mpaka kule chini. Unajua ni karanga kiasi gani?” Nilimwona akilipima lile shamba kichwani, sitasema uongo, nilimwona, na niliogopa. Halafu akaikunja ile karatasi akanirudishia. “Mpaka ulipanda wewe. Utakwenda wewe kumwambia, kwa mdomo. Karatasi ibaki hapa. Mimi nitakuwa nyuma yako, lakini sitakusaidia hata neno moja.”

Sasa nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na mwaka huu tumefika kwenye somo lile la miji ya bonde la Ganga. Mwalimu alipotwambia tuchore mji mara nne, nilichora Itetemia. Nukta ya kwanza niliuliza kwa Bibi, na ya nne nilichungulia tu mlangoni. Pale palipokuwa pori nyuma ya shamba kuna nyumba za bati za rangi ya samawati na kijani, msikiti, mashine ya kusaga, saluni mbili na kanisa ambalo bado halina paa. Zamani nilikuwa naujua kila moshi ni wa jikoni kwa nani. Siku hizi napishana njiani na watu nisiowajua, nawaamkia wote, na wengi wananiitikia marahaba kama vile walinizaa. Shamba la karanga limebaki kipande, na jina la Itetemia limebaki lote, kama Salma alivyosema kuhusu vile vijiji vya Delhi. Wenzangu darasani husikia kwamba miji ile inazidi kujaa na wanasema, maskini, watakaa wapi. Mimi nikisikia nashikwa tena na kile kitu nisichokijua jina, lakini sasa kina uzito ambao hakikuwa nao nilipokuwa na miaka tisa. Wakati ule nilistaajabu jinsi mji unavyoenea. Leo ninachostaajabia ni jinsi watu wote hao wanavyopata pa kuishi bila kuuana, na kwamba kwenye kila mpaka, Delhi au kwetu, lazima kuna siku watu wawili walisimama wakaambiana ukweli, au hawakuambiana.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa karatasi niliamka kabla ya Bibi kuniamsha. Nilinawa uso, nikavaa sare ya shule ijapokuwa ilikuwa likizo, kwa sababu ndiyo nguo niliyojiona mtu mzima nikiivaa. Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa Mama Donata. Nilipiga hodi mara tatu na sauti ikatoka mara ya tatu. Alikuwa akikoroga uji, mabinti zake wamejifunika kanga moja, wananitazama. Nilimwamkia, nikamweleza: vijiti, soko, maganda, tuta, reli. Nilisema yote nikimtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mtu mzima asiye wa nyumbani.

“Mji?” akauliza. “Ile minyaa ni mji?”

“Ndiyo, mama. Wa India.”

Aliweka mwiko chini. Alimtazama Bibi aliyekuwa amesimama nyuma yangu, na Bibi akaitikia kwa kichwa, bila neno, kama alivyoahidi. Mama Donata akajifunga kanga kiunoni, akasema, “Twende,” na mabinti wakatufuata na bakuli zao. Tukavuka umande hadi kwenye ua. Bibi alivua ndala akatembea pekupeku polepole, akilitafuta tuta la zamani kwa nyayo, na alipolipata alisimama juu yake akatuonyesha mpaka wa kweli. Mimi nikainamia shina la kwanza la reli. Kule barabarani pikipiki ya wapimaji ilikuwa inazima.

“Nishike wapi?” Mama Donata akaniuliza.

“Huku chini kabisa, mama, utomvu usikufikie.”

Akainama, akashika shina lenye rangi nyekundu, mkono wake chini ya wangu. Nikahesabu moja, mbili, tatu, kwa sauti ambayo hata wale vijana waliisikia barabarani, kisha tukavuta.