Dizeli ya Kiangazi

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Hilkka na mumewe Tauno waligombana. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, theluji imeziba njia ya shamba, na lori la maziwa lilikuwa linakuja saa mbili. Lisipoweza kuingia, maziwa ya siku mbili yangemwagwa.

Hilkka alikuwa amechomeka waya wa kupasha injini moto tangu saa kumi alfajiri, kama kawaida yake. Trekta la kusukuma theluji likawaka, likanguruma dakika moja, likazimika. Akafungua chujio la mafuta. Dizeli imeganda kama uji uliolala.

"Tauno, umetia mafuta gani?"

"Yale yaliyobaki kwenye pipa. Ningeyamwaga?"

"Hayo ni ya kiangazi! Mwaka wa arobaini na moja huu nakwambia yanaganda kwenye baridi, we mzee!"

Akachukua birika la maji ya moto ya kahawa, akalimwagia chujio huku akisonya. Tauno akatumwa birika la pili, halafu la tatu. Kahawa yenyewe hakuipata. Hilkka akaongeza mafuta ya taa kwenye tangi, na saa mbili kasorobo trekta likawaka moja kwa moja. Akasukuma theluji njiani, lori likaingia.

Siku ya tatu Hilkka alilala, hakuamka tena. Watu wakimuuliza Tauno habari za marehemu mkewe, huwapa maneno ambayo Hilkka alimwambia asubuhi ile akishuka kwenye trekta:

"Theluji imekufika kiunoni, mwanamume mzima, bado unangoja uambiwe kiangazi kimekwisha?"