Zuena na Mbolea ya Tope la Mji

Jumatatu, Novemba 18, 2024, Zuena Kashindye alipima gramu 640 za mbolea aliyoitengeneza kwa mikono yake, kwenye mizani ya mabwawa ya majitaka nje kidogo ya mji wa Tabora. Ilikuwa kazi ya miezi miwili. Tope la mji lilikamuliwa, maji yake yakatiwa chumvi ya magnesi ndani ya pipa, naye akakoroga hadi fosforasi, kirutubisho kinachoshibisha mizizi, ikatuama chini kwa chembe nyeupe.

Zuena hukoroga kama mtu aliye ndotoni. Ndani ya pipa huona ugali wa mtaa wa Gongoni, pilau za harusi, futari za Ramadhani, vyote vikizunguka polepole vikitafuta njia ya kurudi shambani. Njia ya zamani ya misafara hupita jirani na mabwawa. Akiitazama huona chakula cha mji mzima kikitembea juu yake, kimya, bila mpagazi.

Baba mkwe wake, Mzee Mfaume wa kijiji cha Ntalikwa, alikuwa amempa matuta kumi ya kujaribia. Mahindi yakistawi, msimu ujao shamba lote litapata mbolea hiyo. Yakidumaa, asiitaje tena pale nyumbani.

Alhamisi Zuena alikuta kopo la mbolea aliyoileta nyumbani limo zizini, imebaki robo. Mzee alidhani ni chumvi ya Uvinza, akawalambisha ng'ombe.

Mke hamgombezi baba mkwe. Zuena akamgeukia ng'ombe mwekundu, aliyekuwa amefumba macho kwa utamu, akapaza sauti ifike uani.

"Wewe! Umelamba vyoo vya Tabora nzima na bado unajiramba midomo! Nitapandia nini sasa?"

Uani mtu alikohoa. Kisha mzee naye akasema na ng'ombe:

"Mjibu basi, mlafi! Mwambie mama mimi nilionja kwanza, nikaona haikolei."

Zuena akaziba mdomo kwa kanga.

"Mwambie baba," akasema alipopata pumzi, "iliyobaki haifiki matuta kumi."

"Mwambie apandie mawili. Ahadi iko palepale."

Kopo lilipopimwa tena lilikuwa na gramu 160. Jumamosi Zuena atapanda matuta mawili ya mahindi, na mzee amesema jembe atalishika mwenyewe.