Nilivyomsugua Bibi Harusi

Mjukuu wangu alipoposwa, viwiko vyake vilikuwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe. Daktari wa mjini, Nakasero, aliuita ugonjwa huo soriasisi, akampa mafuta ya kupaka. Nikasema, mafuta gani? Sisi Wanubi bibi harusi husingwa, yaani husuguliwa manukato mwili mzima, na msingaji wa nyumba yetu ni mimi.

Ulibaki mwezi mmoja kufika harusi. Nikasaga mtama, nikatia karafuu, nikamsugua kila asubuhi, hasa penye magamba.

"Bibi, panawaka."

"Vumilia. Au unataka wifi zako waone ngozi ya mamba?"

Neno hilo linanirudia hadi leo nikiosha vyombo.

Siku ya kumi na mbili mabaka yalitokea kila mahali mkono wangu ulipopita. Mgongoni yalikuwa mistari mistari. Akajifungia chumbani. Alisema hatakaa mbele ya watu kupakwa hina, na harusi iahirishwe.

Nilizunguka uani mpaka miguu ikauma, kisha nikampeleka kwa daktari yule.

"Jajja, umemsugua?" aliuliza, akiniita bibi kwa lugha yao.

"Nimemsugua."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alieleza kwamba mwilini kuna chembe za ulinzi zinazopelekeana habari. Kwa mjukuu wangu zinaambiana adui ameingia, na adui hayupo. Basi ngozi inaharakishwa. Ile ya kuchukua mwezi inaota kwa siku chache, inarundikana mbichi. Mimi kwa kumchubua nilizidisha kelele.

Babu yangu alikuwa askari. Baragumu likipigwa bure, kambi haiulizi, inakimbia.

"Haiambukizi, jajja. Na si uchafu."

Alisema siku hizi zipo sindano za kuzuia ule ujumbe usifike, mafuta yakishindwa. Kwanza arudie mafuta. Hina apakwe viganjani tu, ngozi ya huko ni nzima.

Siku ya hina alitoka, kwa shingo upande, amevaa mikono mirefu kwenye joto lile. Wifi yake mmoja alikaribia kumshika, mkono wa gauni ukapanda, akaona kiwiko, akarudisha mkono.

"Ugonjwa huo hauambukizi," nikamwambia. "Mabaka ya viwiko ni yake. Ya mgongoni nimemtia mimi, kwa kujifanya najua."

Mpakaji hina akauliza aanze mkono upi. Mjukuu wangu akanitazama, kisha akapandisha mikono ya gauni mwenyewe, yote miwili, mpaka juu ya viwiko.

Magamba yalikuwa yanabanduka. Vidole vikaniwasha kuyatoa. Nikavikalia.