Uso wa Siku ya Ntheo

Kwaa! Hivyo ndivyo kiti cha plastiki kilivyolia Jumapili ile kanisani, katikati ya maombi ya kimya, na Mutindi akajikuta chini, miguu mbele, kitambaa cha kichwa kimemwangukia machoni. Wanawake wawili walimwinua. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Hata leo, akiwa peke yake shambani juu ya Kangundo akipogoa kahawa, mlio ule humjia bila kuitwa, naye huacha kazi akaangalia nyuma, kana kwamba kuna mtu amesikia.

Hakuzaliwa na mwili ule mzito. Miaka mitatu nyuma alikuwa mwembamba, mwepesi wa kupanda vilima. Kisha vidole vikavimba, magoti yakawaka moto, ikafika mahali mumewe, Musili, ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi. Daktari mjini Machakos akamweleza kwamba kinga ya mwili wake imegeuka, inavipiga viungo vyake yenyewe. Akampa prednisolone, tembe ndogo nyeupe za kumeza kila asubuhi baada ya chakula. Dawa ilimrudishia mikono. Haikupita wiki, Mutindi alikuwa anakamua ng'ombe tena, paji la uso ameliegemeza ubavuni mwa mnyama, machozi yakimtoka.

Lakini ilikuja na mengine. Uso ulijaa ukawa mviringo, macho yakadidimia. Nyuma ya shingo pakaota nundu. Na njaa! Njaa ya kumwaibisha mtu mzima. Kulipokucha alisimama jikoni akila muthokoi baridi wa jana, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa mkono, sufuria ameikumbatia, sikio amelitega mlangoni.

"Mama Ndanu, kahawa imelipa mwaka huu!" Pauline, wifi yake, alipenda kumwambia mbele za watu. "Wewe unanona, kaka yangu anakonda. Huko kwenu mnagawana chakula vipi?"

"Yeye hula kwa macho," Mutindi alijibu, akicheka kuwashinda wote.

Angeweza kusema ni dawa. Ila kutaja dawa ni kutaja ugonjwa, na ugonjwa wa kumeza tembe kila siku, pale kijijini, watu waliujua mmoja tu, nao waliunong'ona. Bora waseme ni mlafi.

Ndipo Ndanu, kifungua mimba wake, alipoleta habari kwamba watu wa mchumba wake, Mumo, wanakuja kutoka Masinga na mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba, mbuzi hao wakishachinjwa na nyama ikaliwa, msichana ni mke wa watu, hakuna wa kuuliza tena. Nyumba nzima ilishangilia. Mutindi naye alipiga vigelegele, kisha akaenda chumbani, akajitazama kwenye kioo cha Musili cha kunyolea ndevu. Uso haukuenea humo. Wakwe wangemwona hivi. Picha zingepigwa, ziwekwe ukutani Masinga, wajukuu waonyeshwe: huyu ndiye nyanya yenu.

Daktari alikuwa amemwonya asiache dawa ghafla hata siku moja, kwa sababu mwili ulikuwa umezoea kusaidiwa na umesahau kazi yake. Mutindi alijiambia kwamba madaktari hutisha watu kama walimu wanavyotisha watoto. Wiki mbili tu bila tembe. Ntheo ikiisha, atazirudia.

Ndanu alikuwa amechukua likizo kazini aje kuandaa sherehe. Kila asubuhi alimletea mama yake tembe kwenye kiganja na maji ya uvuguvugu. "Mwaitu, dawa." Mutindi aliziweka chini ya ulimi, akanywa maji, akasema asante mwanangu, akaelekea chooni kuzitema shimoni.

Uso haukupungua. Nguvu ndizo zilizopungua. Siku ya ntheo, nyimbo za wageni zikipanda kilima, Mutindi alijifunga leso mpya, akatoka kuwapokea, na ardhi ikamwegemea. Akakimbilia nyuma ya ghala, akatapika. Alipoinua kichwa, Pauline alikuwa amesimama pale na wanawake wengine wawili.

"Wee Mama Ndanu! Umri huu?" Pauline alishika kiuno. "Ndiyo maana unanona! Na kaka yangu nilidhani amezeeka!"

Wakaangua kicheko, na Mutindi, mdomo bado mchungu, akatabasamu. Akawaacha waamini. Mimba ya uzeeni ilikuwa aibu tamu kuliko ile yake. Kisha akaanguka palepale, na kicheko kikakatika.

Hospitalini daktari wa zamu, mwanamke kijana, alimpima presha mara mbili kwa kutoamini jinsi ilivyoshuka. Ndanu alisimama kando ya kitanda na gauni lake la sherehe. Musili alikuwa amepiga simu: kisu kimewekwa chini, hakuna mbuzi atakayechinjwa mpaka hali ya mama wa msichana ijulikane.

"Mama anatumia dawa yoyote?"

"Prednisolone," Ndanu akajibu haraka. "Ya viungo. Mwaka wa tatu huu."

"Hivi karibuni amekosa kumeza? Nahitaji kujua sasa hivi. Kama hajakosa, itabidi nitafute tatizo kwingine, na muda hatuna."

"Hajakosa hata siku moja, daktari. Mimi mwenyewe humpa mkononi."

Aliyasema kwa fahari, kama mtu aliyetumwa akatimiza. Daktari akageuka, akaanza kuandika jambo jingine.

Mutindi alimwangalia binti yake. Angenyamaza, labda wangegundua wenyewe. Labda wasingegundua. Akatafuta mkono wa Ndanu juu ya shuka, akaushika, akamvuta ainame.

"Nilikuwa nazitema," alisema, kwa sauti isiyozidi pumzi. "Zote ulizonipa, Ndanu. Nilitaka wakwe zako wanione nikiwa mimi."