Ngoma ya Mvuke

Mwanangu, ukungu ukishuka hapa Suji asubuhi kama leo, bado nawaona wale vijana wakipanda ndani yake, mikono juu, kama watu wasio na miguu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka sekondari, ambako mwalimu alishika sahani baridi juu ya birika la maji yanayochemka, matone yakaanza kudondoka. Wenzangu waliandika. Mimi niliona ngoma: wachezaji wanainuka polepole kama mvuke, wanapoa na kusongamana kileleni kama wingu, kisha wanaanguka kama mvua.

Nilichagua kuwafundisha vijana wa kijiji siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya wote. Kijiji kizima kilikuwa kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, kikikandika udongo ukutani na kuukanyaga mpaka ushikane. Nikawachukua vijana hao, nikawapandisha kilimani.

"Kaka, na udongo je?" aliuliza Namsifu, binti wa mama mjane jirani yetu.

"Wazee wapo. Wewe ni mvuke, mvuke haukanyagi."

"Haya. Tutaona kama mvuke nao hula maharage!"

Wenzake wakacheka, lakini wote wakanifuata. Tukaelea katika ukungu ule mpaka nikasahau kwamba nina uzito.

Kule chini ukuta ulikanyagwa na miguu michache, iliyochoka. Maji yakapenya. Ilipofika zamu ya mama yake Namsifu kumwagilia, ndiva ilikuwa tope tupu, na zamu nyingine ilikuwa mbali. Maharage yake, yaliyokwisha kutoa maua, yakanyauka.

Nikaenda kwake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia ngoma yako inaonyesha mvua inakotoka."

"Ndiyo, mama."

"Ni jambo zuri. Sasa hiyo mvua yenu, ikishaanguka, inakwenda wapi?"

Nikashuka kwenye ndiva kuutazama ukuta.

Msaragambo uliofuata niliihamishia ngoma ndani ya ndiva. Mvuke ukainuka, wingu likasongamana, mvua ikaanguka kwa visigino juu ya udongo mbichi, na yule mama akapiga vigelegele. Ukuta ukashika. Lakini maharage hayakurudi. Msimu ule yeye na bintiye walikula kwa majirani, na Namsifu hakuniita kaka tena.

Mwanangu, soma. Ukijifunza jambo likakufanya utake kucheza, cheza. Ila kabla ya kuwaita wenzako, tazama wanaacha kazi gani, na nani atalala njaa kwa sababu walikufuata. Mungu akupe wepesi wa mvuke, na miguu isiyosahau udongo.