Mdomo wa Baba na Kadi ya Picha

Baba alipofariki aliacha kibanja chetu cha Buganguzi, migomba na kahawa, na dakika nne za video. Video nilikuwa nayo mimi. Ndani yake anasema sehemu ya chini ya kibanja, ile inayopakana na kijito, nipewe mimi binti yake. Kwetu binti hapewi ardhi ya ukoo hivi hivi, kwa hiyo dakika hizo nne ndizo zilikuwa haki yangu yote pale nyumbani.

Simu niliyomrekodia ilishakufa. Video ilibaki kwenye kompyuta yangu Kashai, mjini, ninakohariri picha za harusi na misiba. Kwenye kikao cha kwanza cha ukoo niliibeba kompyuta hiyo mpaka Buganguzi, nikaiwasha mbele ya watu. Aibu niliyoipata siisahau. Kwanza picha iliganda na sauti ikakwaruza, kisha ikaruka mpaka katikati. Sauti ya baba ikasema "nampa binti yangu" huku mdomo wake umefungwa. Mdomo ulikuja kufunguka maneno yameshapita.

Kaka yangu alicheka kwa dharau. "Si ndiyo kazi yake mjini? Kukata na kuunganisha."

Niliinuka nimjibu kwa tusi, baba mdogo akaninyooshea mkono. "Keti, mama. Hatujakataa. Kikao kijacho tuletee ile yenyewe, isiyoguswa, tumwone akisema."

Isiyoguswa. Maana yake hata kuibadilisha iwe nyepesi, kazi ya nusu saa, nisingeweza. Wangesema nimeichezea.

Nilimpelekea kompyuta fundi wangu, mzee wa Kiislamu mwenye kiduka cha simu na kompyuta karibu na ninapopanga. Alifungua sipiyu, maana hivyo ndivyo tunavyoliita kasha lote, akachungulia.

"Mwanangu, video za simu za siku hizi zimebanwa sana. Hii ni kompyuta ya maofisini, ya zamani, haina nguvu ya kuzifungua. Itafutie kadi ya picha, iisaidie kuzionyesha." Kisha akasema kwa wema, "Ukitaka, nikuwekee kwenye yangu uitazame."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia maneno ya marehemu wangu hayatazamwi dukani na wanunua chaja. Mzee wa watu akarudisha skrubu moja moja. Nilijua nimemkosea, na bado niliondoka bila kumwomba radhi.

Kwa kiburi hicho hicho nikaenda kununua kadi peke yangu, kwa mtu aliyekuwa anafunga ukumbi wake wa gemu. Niliichagua kwa sababu ilikuwa kubwa na ina feni mbili. Nyumbani ikagoma. Sipiyu yangu ni nyembamba, kadi ikajitokeza nje vidole viwili, mfuniko haufungi. Isitoshe ilitaka waya wake wa umeme, na pawasaplai yangu, kile kiboksi cha kugawa umeme ndani, haikuwa na waya huo. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira, bisibisi mkononi.

Kesho yake nilirudi kwa mzee, nikamwomba radhi. Hakunisimanga. Alichukua rula akapima nafasi iliyopo, akanisomea kibandiko cha pawasaplai: wati mia mbili na arobaini.

"Ukubwa usikudanganye," alisema. "Wewe unataka kadi itakayoishi humu ndani. Iwe fupi, itosheke na umeme wa mazabodi, huu ubao mkubwa inapochomekwa, na iwe inaijua aina ya video yako. Kama haina hayo matatu, iache."

Aliiagiza Mwanza, ikachukua wiki mbili. Ilikuja na vibati viwili vya kufungia, kirefu na kifupi, tukaweka kifupi. Mfuniko ukafunga. Tukajaribu video ya harusi iliyopigwa kwa simu kama ile yangu, ikatiririka vizuri mpaka mwisho.

"Na ya mzee wako?" aliuliza.

"Hiyo nitaiona huko huko," nilisema. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwona baba akipumua.

Kikao cha pili walikuja wengi zaidi. Niliweka sipiyu juu ya meza ya kulia, nikafungua video, nikarudi nyuma kidogo ili wazee waone. Baba alitokea akiwa kitandani, blanketi kifuani, kimya. Kisha ikasikika sauti yangu kwa Kihaya, karibu kabisa na simu, safi.

"Tata, sema: sehemu ya chini nampa binti yangu."

Baba anatazama dirishani. Sauti yangu tena: "Sema, Tata."

Ndipo anasema. Mdomo na sauti vilikwenda pamoja, hakuna neno lililochelewa.

Nilikuwa nimesahau nilivyomlisha maneno. Au nilijisahaulisha, sijui. Mwaka mmoja kabla ya kumrekodi, tukichuma kahawa kule kule chini, aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba hapo patakuwa pangu. Alikuwa mzima, anacheka. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Siku ya kurekodi alikuwa amechoka, maneno hayatoki, nikamsaidia. Miezi yote ile nilijiambia hivyo, kwamba nilimsaidia. Sasa nilijisikia mwenyewe nikimharakisha mgonjwa, na nikaona haya mbele ya baba kuliko mbele ya ukoo.

Safari hii hakuna aliyecheka, hata kaka. Baba mdogo alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Rudisha mwanzo, mama."

Nikarudisha, sauti yangu ikamtangulia baba tena. Akaniambia tena, nikarudisha tena. Mara ya tatu nilikuwa naomba kimoyomoyo kadi ile iungue. Haikukwama hata kidogo.