Kondoo wa Miguu Sita

Mzee Mbaabu wa Nkubu hajawahi kukosea. Muulize yeye mwenyewe. Alikuwa karani wa chifu miaka thelathini, akastaafu, akanunua simu kubwa, na tangu siku hiyo makundi yetu ya WhatsApp hayajapumua. Ukikosea tarehe ya mazishi, yuko hapo. Ukimwita marehemu kwa jina la kakake aliye hai, yuko hapo: "Soma kabla ya kutuma, mama!" Akiharibu yeye, anafuta kimyakimya, halafu anatuuliza tunacheka nini.

Mimi ni Mwalimu Winrose, jirani yake, na sijui nilimkosea nani hadi nikapewa usimamizi wa kundi la ruracio, mipango ya mahari ya mwanawe Munene. Humo tuliweka familia zote mbili, sisi wa Nkubu na watu wa mchumba wake, Cicily, wa Embu, ili mambo yaende kisasa. Yakaenda.

Jumapili baada ya kanisa, Mzee akatuma picha ya mwati. Kwetu mahari haifunguliwi bila mwati, kondoo jike ambaye hajazaa. Chini ameandika: "Mwati safi. Nimemchagua mwenyewe." Na kweli kondoo alikuwa mzuri, amenona, na mwanawe chini ya tumbo, ananyonya kwa raha zake.

Dakika mbili, picha ikafutwa. Hongera! Watu arobaini walikuwa wameshaiona.

"Simu imetuma yenyewe," akaandika. Kisha: "Huyo mdogo ni wa jirani." Jirani ni mimi, na mimi nafuga kuku. Kisha akarudisha picha ileile, sasa amempaka mwanakondoo rangi ya kijani, ati nyasi. Miguu miwili ya nyuma aliisahau. Basi tukaletewa mwati wa miguu sita.

Tulicheka, tusidanganyane. Ambaye hakucheka ni Mzee Mbogo, babake Cicily.

"Mnatuambia nini kuhusu binti yetu?" akaandika.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa sababu Cicily ana mtoto, msichana wa miaka minne aliyempata kabla ya kumjua Munene. Sote tulijua, na kwa adabu yetu ya ajabu hakuna aliyewahi kumtaja. Sasa hapa kuna kondoo, na mtoto wake amefichwa kwa rangi. Kabla sijapata la kuandika, Cicily akaondoka kwenye kundi. Munene akampigia, hakushika.

Nilipovuka ua kwenda kwao, nilimkuta kijana anamsihi babake, machozi yako karibu.

"Baba, sema tu ulikosea. Hukuvaa miwani, hukumwona. Basi! Nitampoteza Cicily kwa sababu ya kondoo?"

"Nitarekebisha," Mzee akasema.

Loo! Arekebishe tena? Nilimwonea Munene huruma, na yule mzee nilimkasirikia hadi nikataka kumnyang'anya simu nimpe ng'ombe atafune. Lakini safari hii alivaa miwani kwanza. Akakaa kwenye stuli, akaandika, akafuta, akaandika, karibu saa nzima.

Ikatoka picha ya kwanza, nzima, mtoto ananyonya. Chini yake:

"Kosa ni langu, si la simu. Sikuvaa miwani. Mwati nitaleta mwingine, ambaye hajazaa, kama desturi inavyotaka. Huyu na mwanawe nawaleta pia, ni zawadi ya mjukuu wangu. Nilikosea kumpaka rangi. Mtoto hafichwi."

Nikangoja aifute. Namjua. Hakuifuta.

Mzee Mbogo akajibu neno moja, "Karibuni." Kisha ujumbe wa Cicily ukaingia kwangu, pembeni: "Mwalimu, nirudishe." Nikamrudisha mbio. Na mbele ya familia zote mbili akaandika:

"Asante, Baba. Na yule wa miguu sita pia aje. Mtoto ameiona picha, anamtaka."